Hotpoti ya Funguo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema ili ujue tangu mwanzo kwamba mambo nitakayoeleza sikuyafuata huko duniani. Yalinikuta uani kwangu, Kisesa, nikiwa nimevaa kandambili. Kazi yangu ni kufuga kuku wa mayai. Nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja la nne, kwa hiyo angalau namba zililingana. Mke wangu ni mwalimu na hupanda gari kwenda mjini Mwanza kila siku ya kazi. Yeye husema kuku wetu wamesafiri kuliko mimi, maana wao walianguliwa Misungwi.

Mtu mwingine aliyenitania kwa hilo alikuwa fundi baiskeli wa pale barabarani. Alikaa kwenye kona inapokutana njia ya mtaa wetu na lami, chini ya mwavuli uliochanika, na boksi lake la vifaa pembeni. Kila akiniona nimejitokeza alisimamisha kazi, akanitazama kwa huruma ya uongo.

"Mzee wa ndani, umetoka. Kwako kunaungua?"

"Nimefuata chumvi tu."

"Basi wahi kurudi, jua litakuzoea vibaya."

Baiskeli ya binti yangu ilikuwa inakatika mnyororo kila mwezi, na mimi nilikuwa naipeleka mwenyewe, kilomita isiyofika hata moja, kwa sababu kusema kweli nilipenda kutaniwa na yule bwana. Mtu anayekaa ndani siku nzima na kuku mia mbili hutamani kusemwa na binadamu.

Basi, binti yangu huyo alipata kipaimara, na sisi tukaamua kufanya sherehe nyumbani, Jumapili mchana baada ya misa. Mke wangu akaja na wazo. Wiki chache kabla, katika sherehe ya jirani, mgeni mmoja aliyekunywa vizuri aliingiza gari kwenye banda la nguruwe. Mtaa mzima ulicheka mpaka mbavu zikauma. Mke wangu peke yake hakucheka. Alisema kinachotuchekesha ni kwamba aliyekuwa bandani ni nguruwe.

"Kwetu kila mwenye chombo ataacha funguo mlangoni," alitangaza. "Akitaka kuondoka ataangaliwa kwanza. Akiwa amelewa, hapewi."

"Na nani atawaangalia?"

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali lenye jibu ubaoni. Nilikuwa na sifa zote. Vidonda vya tumbo vilinikataza pombe miaka mingi iliyopita, na kuhusu kutoka nyumbani katikati ya sherehe, hakuna aliyenidhania hivyo.

Nikapewa hotpoti yetu kubwa nyekundu, ile tuliyopewa zawadi ya harusi, ambayo kwa kawaida hukaa na ugali wa wageni. Funguo zote zikaingia humo. Na mimi, kama mtu yeyote aliyepewa ofisi, nikaanza kuongeza masharti. Nilibuni kipimo. Kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye tangi la maji kuna mfereji wa saruji, na pembeni mwake kuna ukingo mwembamba, upana wa kiatu. Mwenye kutaka funguo zake angetembea juu ya ukingo huo mpaka kwenye tangi na kurudi bila kukanyaga chini. Hakuna hospitali iliyoidhinisha kipimo hicho, lakini nawaambia kilifanya kazi.

Nilikuwa mkali siku ile, mpaka nilijishangaa. Mwalimu wa kwaya alikanyaga chini hatua ya nne. Nikafunika hotpoti, nikamwambia akale tena pilau. Rafiki yangu niliyesoma naye alifika kwenye tangi akashindwa kugeuka, akabaki amelikumbatia. Yeye nilimwonyesha mkeka. Watu walikuwa wanapiga makofi. Mtu akaniita Waziri wa Funguo, na mimi, Mungu anisamehe, nikarekebisha kola ya shati.

Ilipofika saa kumi jioni, jua bado kali, akaja baba mdogo.

Huyu ni mdogo wake marehemu baba yangu. Ndiye aliyenilea baba alipofariki nikiwa darasa la tatu, ndiye aliyenipeleka sekondari, ndiye aliyekwenda kunitolea posa. Alikuwa amestaafu kazi ya ukarani kule bandarini na kujinunulia kigari cheupe alichokipenda sana. Siku hiyo alianza na bia mara tu baada ya kutoka kanisani, kisha akahamia kwenye pombe ya asali ambayo shangazi alikuja nayo kwenye dumu. Tumbo lake lilikuwa limetangulia, yeye analifuata.

Aliniita kwa jina la marehemu baba yangu. Nikaitika tu.

"Nipe ufunguo wangu, nawahi nyumbani."

"Baba mdogo, kuna utaratibu kidogo."

"Utaratibu gani?"

"Unapita pale pembeni mwa mfereji mpaka kwenye tangi, halafu unarudi."

"Nikatafute nini kwenye tangi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na hapo ndipo nilipoanza kushindwa.

"Ni mambo ya usalama tu, baba mdogo."

Akanisogelea. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Mimi nilikubeba mgongoni kutoka Bujora mpaka zahanati, una surua, unanitapikia shingoni. Nilikupima? Leo unanipima mimi, mbele ya wakwe zako?"

Wakwe zangu walikuwa wamekaa palepale, na walikuwa wamenyamaza kabisa, kama wakwe wanavyojua kunyamaza. Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa jikoni, amezama kwenye sufuria la pilau. Nikafunua hotpoti. Nikatafuta ufunguo wake, nikaufuta unyevu uliobaki humo, maana hata aibu ina usafi wake, nikampa kwa mikono miwili huku nimekunja goti.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekosea kama binadamu wengine. Lakini kwetu mgeni wa heshima hatoki peke yake, husindikizwa. Nikamsindikiza. Njiani alilipiga tangi la maji begani, akaliambia, "Karibu sana nyumbani, usipotee." Mimi nikafungua geti. Nikasimama nyuma ya gari nikamwelekeza arudi rivasi: njoo, njoo, kata kulia, njoo, hapohapo. Aliponyoosha usukani nikampungia mkono. Hayo yote niliyafanya vizuri. Sijawahi kumwelekeza mtu vizuri kama siku ile.

Mke wangu akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Nani ameondoka?"

"Baba mdogo."

"Amepita mferejini?"

"Alisema anawahi."

Aliuangalia ule mfereji, akaniangalia mimi, akarudi ndani. Kama dakika kumi baadaye kijana wa bodaboda akaingia uani bila hodi, akaenda kuzima muziki mwenyewe, akatueleza yaliyotokea kwenye kona.

Fundi baiskeli alikuwa amepiga magoti, mgongo umeelekea barabara, anazungusha gurudumu la baiskeli aliyoigeuza juu chini kuona kama limenyooka. Hakuona kitu. Baba mdogo alikuwa anatoka njia ya mtaa kuingia lami. Badala ya kukata kona akaenda moja kwa moja. Gari lilipita juu ya boksi la vifaa, juu ya baiskeli, juu ya fundi, likasimama kwenye mti. Fundi alikufa palepale. Ilikuwa mchana kweupe, mbele ya watu waliotoka ibada ya alasiri.

Waliomfikia baba mdogo kwanza hawakuwa trafiki. Walikuwa ndugu, na ndugu walikuja na maziwa ya mgando. Sijui nani alitufundisha kwamba maziwa ya mgando hufuta pombe, lakini ukoo mzima ulikuwa na elimu hiyo. Alinyweshwa kibuyu kizima huku amekaa kwenye nyumba ya jirani, mkwaruzo kwenye paji la uso. Wakamtafunisha karanga mbichi na kitunguu. Akapelekwa kupumzika, akalala, akaogeshwa. Alipojisalimisha mbele ya sheria kesho yake asubuhi alikuwa ananuka kama saladi. Hakuna kipimo cha kupuliza ambacho kingemkuta na kitu.

Kwenye msiba nilikwenda, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala nje ya nyumba yangu kwa miaka kadhaa. Ukoo wetu ulipeleka mchele na mbuzi, tukapokelewa kwa adabu. Siku ya maziko, kabla ya mwili kutolewa, watani wa marehemu walianza kazi yao. Wasiojua mila hii hushtuka: mtani ana ruhusa ya kuchekesha msibani, kumwigiza marehemu, hata kudai jeneza lirudishwe dukani, na hakuna wa kumkasirikia. Mtani mkuu alikuwa mama mmoja muuza dagaa. Alivaa kofia ya fundi, akakaa kwenye boksi lake lililopondeka, akawa anawauliza waombolezaji mmoja mmoja kama kwao kunaungua. Mjane mwenyewe alicheka, machozi yanashuka.

Kisha yule mama akaingiza mto ndani ya kanga, akawa na tumbo. Akayumba. Nikacheka na wengine. Akachukua sufuria ya pilau ya msibani, akampa mwenzake ashike, na mwenzake akakunja goti, akafunua mfuniko kwa unyenyekevu, akafuta kijiko kwa ncha ya kanga na kumkabidhi mwenye tumbo kwa mikono miwili. Watu walicheka zaidi. Mimi nilikuwa bado nacheka. Ndipo yule mwenzake akaenda nyuma ya mwenye tumbo, akaanza kurudi kinyumenyume huku anapunga mikono: "Njoo, baba, njoo, kata kulia, hapohapo."

Kicheko changu kilikwama kama mwiba wa samaki sato.

Kumbe mtaa mzima ulikuwa unajua. Kila aliyekuwa uani kwangu alishaeleza, na aliyeelezwa akaeleza. Jambo lile lilikuwa limeandikwa kila mahali isipokuwa kwenye jalada la polisi.

Wiki iliyofuata shangazi aliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwake. Shangazi ni dada mkubwa wa baba mdogo, na pombe ya asali ilikuwa ya dumu lake, lakini hilo halikuwa kwenye ajenda. Ajenda ilikuwa breki. Iliamuliwa kwamba breki zilikatika. Mkaguzi wa magari alikuwa amezikagua akakuta zinashika vizuri. Kikao kikaona kwamba zilikatika, kisha zikajirudi kwa mshtuko. Mjumbe mmoja aliyewahi kuwa na trekta alithibitisha kuwa hutokea. Kikao kilifanyika na kreti mbili za bia mezani, na kilipokwisha wajumbe watatu waliondoka wakiendesha.

"Wewe," shangazi aliniambia, "utaitwa na upande wa serikali, maana alitoka kwako. Utasema alikunywa soda."

"Shangazi, kulikuwa na watu sitini pale."

"Hao sitini hawajaandikwa. Umeandikwa wewe. Bila pombe hii ni ajali tu. Atapigwa faini, atarudi nyumbani kwake. Ukiitaja pombe, mzee wa miaka sitini na nne anaingia jela. Unataka kumfunga aliyekusomesha?"

"Sitaki."

"Basi ni soda. Na ufunguo aliuchukua mwenyewe mezani."

Hiyo sehemu ya pili ilinipendeza kuliko nilivyotaka. Katika hadithi ya shangazi, mimi sikuwepo kabisa. Nilikuwa ndani na kuku wangu, mahali ambapo kila mtu angeamini nilikuwa. Nilirudi nyumbani nikiwa karibu mtu huru. Mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari.

"Umekubali?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sijakataa."

"Hilo ndilo lako. Hata ufunguo hukukataa kuutoa."

Siku chache kabla ya kesi nilibeba trei ya mayai kwenda kwa mjane. Nilikusudia kuomba radhi, lakini mtu mwenye trei ya mayai mikononi anaonekana kama amekuja kuuza. Nilimkuta uani amezungukwa na baiskeli kama kumi na tano. Zilikuwa za wateja. Wenyewe walikuwa wanakuja mmoja mmoja kudai, na yeye hakujua ipi ya nani, ipi imetengenezwa, ipi bado. Mambo hayo yote mumewe alikuwa nayo kichwani. Alikuwa amefunga vitambaa vya rangi kwenye usukani kujaribu kuzipanga, na vitambaa vimemchanganya zaidi.

Aliniambia nikae. Nikakaa, trei mapajani.

"Kaka yangu, nikuulize kitu," alisema. "Wanasema breki zilikatika."

Nikakohoa.

"Mume wangu alikuwa fundi wa breki. Kama ameuawa na breki, watu watasema hivyo siku zote, na watoto watakua wanasikia. Mimi siwezi kumrudisha, na huyo mzee wenu akifungwa halimi shamba langu. Nataka kujua tu. Alikuwa amelewa au hakuwa amelewa? Nikitaka kuwaambia wanangu, niwaambie nini?"

Na mimi, mwanaume mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne, nikamjibu, "Mahakama itaamua."

Akachukua trei ya mayai, akashukuru, akaendelea kufunga vitambaa.

Siku ya kesi nilivaa koti la harusi yangu, ambalo lilinikataa tumboni. Mke wangu aliomba ruhusa kazini akaja na mimi, nadhani kuhakikisha kwamba ninatoka nyumbani na ninafika. Ukoo ulijaza benchi mbili. Shangazi alikaa mbele na rozari. Mjane alikaa nyuma karibu na mlango, peke yake. Baba mdogo alikuwa kizimbani kwenye shati jeupe lililopigwa pasi, na tumbo lilikuwa limepungua. Hakuniangalia.

Niliapa. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama mshtakiwa alitoka kwangu siku ile. Nikasema ndiyo. Akauliza alikunywa nini.

Hapa ningependa kueleza kwamba nilijawa na ujasiri, lakini haikuwa hivyo. Nilimtazama shangazi, nikafungua mdomo kusema soda, na neno likakataa kutoka kwa sababu ndogo tu: sikumbuki kumwona baba mdogo na soda hata siku moja katika maisha yangu, na nilijiona nitacheka. Nikasema bia. Ngapi? Nikasema sikuhesabu, kisha akahamia kwenye ya asali. Rozari ya shangazi ikasimama.

Baada ya hapo yakatoka yote. Hotpoti, mfereji, mwalimu wa kwaya, rafiki yangu kwenye tangi. Hakimu, mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliacha kuandika mara mbili kuuliza upana wa ukingo. Watu walicheka kidogo, nami kwa mazoea nikafurahi kidogo. Kisha wakili wa baba mdogo akasimama.

"Shahidi, wewe ni mtaalamu wa ulevi?"

"Hapana. Mimi ni mfugaji wa kuku."

"Kwa hiyo huwezi kuithibitishia mahakama kwamba mteja wangu alikuwa amelewa."

"Aliniita kwa jina la baba yangu aliyekufa. Akaliaga tangi la maji. Alilikaribisha nyumbani."

"Alitembea kwenye huo mfereji wako?"

"Hakutembea."

"Kwa nini?"

"Sikumlazimisha."

Wakili akapumua. Alikuwa kijana nadhifu, na nadhani aliona mlango umefunguka.

"Yaani unasema ulimwona mtu amelewa kiasi cha kuongea na tangi, na ufunguo ulikuwa mikononi mwako, na ukampa?"

"Nilimpa."

"Na gari ulilielekeza litoke?"

"Nililielekeza."

"Huoni kwamba maelezo yako hayaaminiki? Mtu mwenye akili timamu angempa?"

Kule nyuma mjane alikuwa amesogea mbele kwenye benchi. Nilimwona kwa pembe ya jicho.

"Niliona aibu," nikasema.

"Aibu ya nini?"

"Ya kumkatalia mzee mbele ya wakwe."

Hakuna aliyecheka. Hakimu akaandika maneno hayo polepole, akaniuliza kama ndivyo nilivyosema, nikasema ndivyo. Ukiona jambo lako linaandikwa polepole hivyo, ndipo unajua uzito wake. Mwalimu wa kwaya nilimkatalia. Rafiki yangu nilimkatalia. Sheria yangu ilikuwa nzuri kabisa kwa watu ambao sikuwaogopa.

Hukumu ilitoka wiki tatu baadaye. Baba mdogo alitiwa hatiani kwa kusababisha kifo kwa kuendesha akiwa amelewa, akapewa kifungo cha miaka mitatu na kunyang'anywa leseni. Hakimu alisoma kwa muda mrefu. Kuhusu mimi alisema mstari mmoja, kwamba shahidi alionyesha uzembe wa kusikitisha, lakini hakuwa mshtakiwa mbele yake. Kisha akafunua ukurasa. Nilikuwa nimejiandaa kwa karipio la dakika nzima hivi. Nilitoka pale kama mtu aliyekwenda hospitali akaambiwa ugonjwa wake hautibiwi hapo.

Nje, mjane alikuja nilipokuwa nimesimama na mke wangu.

"Nimesikia," aliniambia. "Nitawaambia wanangu hivyo."

"Mama, naomba unisamehe."

Alifikiri. Alifikiri kweli, sikuona kama ananitesa.

"Bado," alisema. Akamsalimia mke wangu, akaenda kutafuta usafiri.

Ukoo nao ulitoa hukumu yake, na haukuchukua wiki tatu. Niliondolewa kwenye grupu la ukoo la simu mchana uleule. Wakanirudisha jioni kwa bahati mbaya wakati wa kumwongeza binamu, wakaniondoa tena. Shangazi alitangaza kwamba mimi ni nyoka aliyelelewa kifuani na kusomeshwa. Harusi iliyofuata ya ukoo, ng'ambo kule Nansio, sikualikwa, na kwa mtu ambaye hajawahi kupanda feri kwa hiari yake hiyo ni adhabu iliyomkosa mlengwa. Ila nilisikia kwamba huko walilewa vizuri, na mtu alisimama akaombea wote walioko kifungoni, kisha wakarudi na magari yao. Kuhusu hotpoti yangu walisema ndiyo iliyoleta mkosi: kama nisingekusanya funguo, kusingekuwa na wa kuzitoa.

Nilichukua miezi minne kwenda gerezani kumwona baba mdogo. Kila Jumapili kulikuwa na kuku anayeumwa. Mwishowe mke wangu alifunga mlango kwa nje, mimi nikiwa uani, akanipa mfuko wenye sabuni na mafuta ya kujipaka, akasema funguo anazo yeye.

Tulikaa tukitenganishwa na meza, askari mmoja pembeni. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, na macho yake yalikuwa meupe kuliko nilivyowahi kuyaona. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga majibu yangu: kwamba niliapa, kwamba mjane alikuwa na haki, kwamba shangazi ana mambo yake.

"Kuku hawajambo?" aliuliza.

"Hawajambo, baba mdogo."

"Na mkwe wangu?"

"Yupo. Ndiye aliyenituma."

"Najua. Wewe usingetoka." Akatabasamu kidogo, tabasamu likaisha. "Dada yangu alikuja hapa. Ananiambia usiku na mchana yeye anakulaani kwa kunitaja. Nikamwambia aache. Ulichosema mahakamani ni kweli, sina ugomvi nacho."

Nilianza kushukuru. Akainua mkono.

"Mimi nina swali moja. Ninalala nalo. Kwa nini ulinipa ufunguo?"

"Baba mdogo, ulisema ulinibeba mgongoni. Mbele ya watu. Ningefanyaje?"

"Hayo niliyasema nimelewa," alisema. "Mlevi husema chochote apate ufunguo. Nisingekuwa na mgongo ningesema nilikubeba kichwani. Wewe ulikuwa mzima. Ungeninyima, ningekununia mpaka Krismasi, ukaja na jogoo, yakaisha. Yule fundi angekuwa pale kwenye kona yake." Aliangalia mikono yake juu ya meza. "Mimi nimefungwa kwa langu, na ni haki. Sasa niambie lako."

Askari akasema muda umekwisha. Nikainuka, nikasukuma mfuko wa sabuni upande wake wa meza. Baba mdogo hakuuchukua. Alibaki amekaa, uso umeinuka, akinisubiri nijibu, na askari ikabidi aseme mara ya pili.